Kifungo cha Koti Jekundu

Gongo la Mboto, 4 Juni 1991

Shikamoo mama. Mie mzima, kifua kimeacha. Nyie hamjambo?

Basi nimepewa koti la mitumba nilipunguze, ndo kazi yangu. Nimeshalipima, nataka kulipasua, mkasi ukanigomea. Jekundu, zito, kama lina mtu ndani.

Kushona kulikufa, mama, mitumba ilipoingia. Sasa Bwana Mwinshehe, mwenye marobota Kurasini, katujengea banda mafundi, kaweka vyerehani na mwalimu wa biashara. Tunapunguza nguo za Ulaya ziwatoshe watu wa hapa. Anasemaga, "Mitumba yangu ndo iliwaua, acheni niwafufue." Ukimaliza mafunzo, cherehani chako. Mie nakaaga kona, naangalia mikono ya wenzangu.

Jana nimeota mwanamke kasimama uwanja mweupe kama pamba. Hana koti.

Mwanao, Valerian

Newala, 29 Juni

Marahaba mwanangu. Sie wazima, mguu tu. Anaandika Demetria wa jirani.

Hizo nguo huku tunaziita kafa Ulaya. Baba yako alifia kwenye mkonge, Tanga, wakamzika watu nisiowajua. Shati lake la bluu sijui analivaa nani. Na wewe unataka kupasua la marehemu wa watu? Usilipasue. Nitumie kitu chake kwanza, nimjue.

Mama yako, Bernadeta

Gongo la Mboto, 13 Julai

Shikamoo mama. Mguu unasemaje? Uchue kwa mafuta ya nazi ya moto.

Kifungo hicho ndo cha koti lile. Lenyewe nimelikunja, liko chini ya cherehani. Shomari wa meza ya pili ananitania, "Valerian, hilo koti umelioa? Tupeleke mahari?" Bandani wote kicheko, mie nikainama. Bwana Mwinshehe kasema asiyeonyesha kazi mwisho wa mwezi, cherehani anapewa mwingine. Sipasui mpaka useme.

Mwanao

Newala, 25 Julai

Marahaba mwanangu. Mguu afadhali.

Kifungo nilikaa nacho kiganjani kama nimepata mgeni. Kisha nikakizika pale kwenye msalaba wa baba yako, usio na mtu chini. Nikalia. Majirani wakaja, nani kafa? Nikasema jina silijui. Wakakaa nami. Labda na baba yako kule alipata mtu wa kumlilia.

Sasa pasua. Ila kila nguo, kabla ya mkasi, muombee mwenyewe.

Mama yako

Gongo la Mboto, 19 Agosti

Shikamoo mama. Barua yako ilichelewa, cherehani walishaninyang'anya. Nikawa nafagia nyuzi tu. Nikampa Shomari awasomee wenzetu bandani, sauti yangu unaijua, mbele za watu haitoki. Kaanza kwa mzaha, kufika kwa baba kaishusha karatasi. Kumbe Bwana Mwinshehe kasimama mlangoni. "Malizia, kijana."

Ilipokwisha akasema, "Miaka yote nauza nguo za hawa watu, sijawahi kuwauliza hali." Cherehani kanirudishia kwa mikono yake.

Koti limetoa vikoti viwili vya watoto. Kavichukua mama mmoja anayerudi Njombe, kwenye baridi. Yule mwanamke nimemwota tena. Kakaa chini ya mkorosho wetu, kavaa shati la bluu la baba, linamtosha.

Naondoka sasa, mama. Limekuja robota jipya, wote wamesimama wananingoja mie. Hakuna anayeshika mkasi mpaka niombe. Na wanataka kwa sauti.

Mwanao, Valerian