Jibu la Radi kwa Kaka Yake

Ubaruku, Mbarali
14 Juni 2025

Kwako kaka Danieli,

Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Igowole, wewe na shemeji Severina na watoto, na kwamba baridi ya mwezi huu haijamrudishia shemeji kifua chake. Huku mpunga unavunwa na mashine za kukoboa zinanguruma kutwa. Mimi mwili ni mzima. Simu zako zote nimeziona. Sikupokea kwa sababu nikisikia sauti yako, ninayotaka kusema hayatatoka.

Kazi yangu ya pili unaijua, ingawa hujawahi kuiulizia. Jumapili mchana nashika kipaza sauti kwenye banda la video la mzee Nkuba, natafsiri sinema za Kizungu huku zinaendelea. Mwezi uliopita tulionyesha sehemu ya tatu ya sinema ya shujaa ambaye watu wa hapa wanamwita Radi. Utotoni kaka yake alimwacha ndani ya nyumba inayoungua. Safari hii kaka anarudi, amebanwa chini ya daraja lililoanguka, anaomba msamaha. Radi anamjibu. Mimi nikatafsiri: "Nitakutoa hapa, lakini kukusamehe siwezi."

Kuanzia kesho yake, mashineni hakukuwa na habari nyingine. Damari, anayepepeta mchele, alisema Radi ameharibiwa. Sinema mbili nzima amejifunza kuzuia hasira, hata aliyemuua mwalimu wake alimwacha hai, sasa iweje moyo urudi nyuma kwa ndugu wa damu? Jailos, mpakiaji wa magunia, akasema hapo ndipo Radi amekuwa mtu, maana adui huli naye sahani moja, anayeuma ni ndugu. Walibishana mpaka wakanuniana. Huyo Jailos ana kaka yake huko Madibira, hawasemeshani miaka mingi, na wiki hiyohiyo kaka alimtuma mtu waje wapatane. Jailos akamrudisha yule mtu mbele yetu, akisema kama Radi mwenye nguvu zote ameshindwa, yeye ni nani.

Kisha Goodness, binti wa mzee Nkuba anayesoma chuo Iringa, akaja likizo, akaiangalia sinema ile kwenye simu yake. Aliniambia kwa upole, Jailos akisikia, kwamba Radi hakusema vile. Alisema, "Nilikusamehe zamani, ila hukurudi nikuambie." Nikajibu kwamba spika zilikoroma, sikusikia vizuri. Jailos akaondoka zake. Hajaingia tena bandani.

Nilisikia vizuri, kaka. Nilielewa kila neno, nikashindwa kuyatamka maneno hayo. Miezi minane nilimgeuza baba kitandani peke yangu. Wewe ulikuwa Mbeya, mwendo wa nusu siku, ukaja siku ya kuzika, umevaa suti, ukasoma historia ya marehemu.

Sasa unaniita tuweke msalaba kaburini, na unauliza tena kama baba alikufa na kinyongo nawe. Umeuliza mara tatu, na mara zote nilikujibu kwamba hakusema kitu. Nilidanganya. Siku mbili kabla hajafa, asubuhi, alinishika mkono akasema taratibu: mwambie Danieli sina neno naye, nyumba hii ni yake, asiogope kuingia. Akanitaka niyarudie mbele yake, nikayarudia yote. Baada ya hapo akageukia ukutani. Kwangu mimi hakuacha neno lolote.

Nimekaa nayo miaka mitatu. Shemeji aliponiandikia kwamba hulali, nilifurahi.

Hayo ni ya baba, sikuongeza wala kupunguza. Ya kwangu usiyasubiri. Msalaba uwekeni, mimi sitakuja.

Nisalimie shemeji, na watoto waambie baba yao mdogo anawakumbuka. Wasalimie pia majirani waliolibeba jeneza.

Ni mimi mdogo wako,
Shadrack Kalinga