Chupa ya Achari Aliyotumiwa Mama

Bwera, Jumapili

Kambale mdogo wangu,

Nakusalimu nikiomba barua hii ikukute mzima, na mama awe hajafungua chupa ya achari aliyoletewa. Simu yenu haiingii tangu juzi, kwa hiyo barua hii nampa mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Mpondwe asubuhi hii. Magoti ya mama yanaendeleaje? Mimi nina afya, ila usingizi sina.

Unamkumbuka Biira wa Kitswamba, ninayetengeneza naye achari. Wateja wetu, wake wa askari wa kambini Kasese, walilalamika kwamba inachoma meno. Nilikataa kupunguza siki. Niligombana nao mmoja mmoja, unanijua. Biira hakubishana. Mwezi uliopita alibadilisha chumvi kimyakimya kwenye chupa alizotengeneza peke yake. Wiki hii nilimimina siki juu ya karoti na vitunguu saumu, likafoka povu kama soda.

"Biira, umetia nini?"

"Chumvi yetu ya Katwe, mama. Ile iko na magadi. Inapoza siki, watu inapenda."

"Inaua siki. Ukali huo ndio unaotulinda."

"Bibi yangu alitumia hiyo mpaka akazeeka."

"Kwenye maharage, akayala siku hiyohiyo. Hakuyafungia kwenye chupa mwezi mzima."

Akacheka. "Wewe na vitabu yako. Hata mama yako nilimtumia chupa kubwa, atanishukuru."

Jana mke mmoja wa askari alilazwa. Kope hazinyanyuki, anaongea kama mlevi, maji yanamkwama kooni. Daktari aliuliza kwanza alikula nini; alikula achari yetu. Biira amekaa nje ya wodi, hataki hata chai. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, nikaketi kando yake. Wateja waliosema ladha ni haki yao na tahadhari ni maringo ya wasomi, wako wapi leo?

Mama atakuambia mbona hainuki. Sumu hii, inayoota ndani ya chupa iliyofungwa siki ikikosa ukali, inaweza isinuke kabisa. Atataka kuonja kwa ncha ya kidole tu. Mkatalie, Kambale. Mnyang'anye, akulaani, laana nitaibeba mimi. Usiifungue, usiwape kuku. Izike na kifuniko chake.

Msalimie shangazi anayelala na mama, na mkeo anayempikia, nao wasiiguse. Kama mama ameshaonja, usingoje aumwe. Mpeleke hospitali leo hii, na kabla hawajakuuliza jina lake, waambie amekula achari.

Dada yako,
Kahindo