Kado na Sahani ya Jirani

Jumatatu, 10 Machi. Gitega

Kado ana muda hadi Idi. Amesema mwenye nyumba, saa moja na robo asubuhi, nje ya geti, nikiwa bado na mswaki mdomoni. Mbwa asipojifunza kutulia watu wanapoingia uani, aondoke. Hakupandisha sauti. Ukungu wa mtaa wetu wa Musinzira ulikuwa umemfika magotini, akaondoka kama anayeelea.

Sababu: jana jioni Kado alimrukia Mama Zaituni, jirani yangu wa mlango wa pili, fundi cherehani. Alama mbili za matope kifuani. Sahani ya futari aliyokuwa ananiletea haikumwagika. Yeye hajalalamika. Mwenye nyumba aliona kwa macho yake.

Kado alikuwa mbwa wa kaka yangu Gaspari, aliyefariki Muyinga. Huu ni mwezi wangu wa tatu naye. Mimi ni mwandishi wa habari, nimeandika habari za kila aina. Mbwa sijawahi kumfundisha.

Jumanne, 11 Machi

Nimeweka masharti. Anakula akiwa ameketi. Hapiti mlango kabla yangu. Mgeni akiingia, anakwenda kwenye gunia lake. Hakuna fimbo, hakuna kupiga kelele.

Asubuhi aliketi nilipomwambia mara ya nne. Mchana, mara ya pili. Jioni akamrukia Mama Zaituni tena.

“We Kado, toka! Mbwa gani hii haina haya?” Sahani juu ya kichwa, mkono mmoja. Kisha akarudi kwake kubadili nguo, maana nguo iliyoguswa na mate ya mbwa haiswaliwi mpaka ioshwe. Magharibi ikampita kidogo, kwa ajili yangu.

Aibu.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua tangu saa sita. Cherehani ya Mama Zaituni inakwenda, inasimama, inakwenda. Nguo za Idi. Mtaa wetu wote unatembea taratibu mwezi huu, hata sisi tusiofunga.

Kado amekaa kwenye gunia saa nzima. Nimelala kwenye kiti. Nimemwona Gaspari shambani, kule Tanzania tulikokulia, mahindi yamemfika kidevuni. Haongei. Anakwenda tu, na mahindi yanafunguka mbele yake na kufunga nyuma. Sikutaka kuamka.

Nilipoamka Kado alikuwa ameshaondoka kwenye gunia, anautazama mlango. Saa kumi na mbili kasoro tano. Hakuna hatua zozote nje. Nimeandika saa hiyo kwenye daftari, kama ninavyoandika kila akiruka.

Dakika kumi na tano baadaye Mama Zaituni alikuja, na Kado akaruka.

Jumamosi, 15 Machi. Muyinga

Basi la saa moja, njia ya Karusi. Nimekwenda kumwomba Yustina, mjane wa Gaspari, amchukue Kado.

Amekataa. Kado alikuwa akifukuza mbuzi wa majirani, na mbwa mmoja wa kilima hiki ameshalishwa sumu kwa kosa hilohilo. “Nikimpokea, wifi, namzika kabla ya mavuno.” Kwa hiyo hana pa kwenda. Ni Gitega au hakuna.

Yustina ana mbwa jike mmoja mweusi. Alimwekea ugali hatua mbili mbele. Jike akatazama pembeni kama mtu aliyealikwa arusi asikojuana na yeyote. Mpaka Yustina aliposema “haya”.

“Wako akiruka anapata nini?”

“Hapati kitu.”

“Wifi, hakuna mbwa wa kuruka bure. Kaangalie anakula mkononi mwa nani.”

Nimeudhika. Nimekula maharage yangu. Nje, vilima vilikuwa vinatoweka kimoja baada ya kingine ndani ya mvua, na mimi nikivihesabu kama mtoto.

Jumapili, 16 Machi. Gitega

Nimerudi. Nimesoma daftari. Kado hajawahi kumrukia mtu asubuhi. Wala mchana. Ni jioni tu, baada ya adhana ya magharibi, na ni tangu Ramadhani ianze.

Chanzo ni mimi.

Sahani ya Mama Zaituni ni ya watu watatu. Ninaishi peke yangu. Kurudisha sahani yenye mabaki ni kumwambia jirani kuwa mkono wake haujui kupika. Kwa hiyo kila jioni, akigeuka tu, nakula kidogo na kinachobaki nammwagia Kado. Palepale kizingitini. Wiki mbili nimemfundisha kuruka, bila kukosa siku ila jana.

Kuna la pili. Jumatano sikuandika humu. Jumatano nilipokea simu ya ofisini, nikaacha sahani kwenye ngazi. Nilipomaliza ilikuwa inang'aa. Niliisuuza kwa maji, nikatia ndizi juu yake, nikairudisha. Nilijua kuwa kwake sahani hiyo ni najisi. Nikanyamaza.

Ningemkuta afisa amefanya hivyo, ningeandika jina lake.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia. Saa sita mchana, mlangoni kwake. Cherehani ikasimama.

“Kado imelamba sahani yangu?”

“Ndiyo. Jumatano.”

“Na sisi tumekulia humo mpaka jana.”

“Ndiyo.”

Nilijua akimweleza mwenye nyumba, Kado hafiki hata Idi. Mama Zaituni alitoa ile sahani, kisha nyingine zote za kabatini. Akaenda nyuma ya nyumba, akachimba udongo. Mara ya kwanza kwa udongo, mara sita kwa maji, kama dini yake inavyotaka kwa chombo kilicholambwa na mbwa. Nilichota maji. Tuliosha mpaka adhana ya alasiri, yeye na saumu yake. Povu lilikuwa linateremka mtaroni polepole, jeupe, na kwa muda mrefu sikutazama kitu kingine.

Sahani ya mwisho ilipoanikwa akaniangalia.

“Sahani zimeisha. We sasa, dada Konso, tutakuosha na nini?”

Nikamwaga maji ya mwisho.

“Mi nilidhani mbwa iko na njaa. Kumbe iko na mwalimu mubaya.” Akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 19 Machi

Utaratibu mpya, wake na wangu. Mama Zaituni anasimama kwenye bomba la uani. Haji mpaka Kado awe kwenye gunia. Sahani ni ndogo, naimaliza. Kado anakula saa kumi, nyuma ya nyumba.

Leo Mama Zaituni amesimama bombani dakika tisa, mwiko mkononi, anamkemea mbwa kwa Kirundi. Kado alilia. Hakupewa kitu. Mwishowe akaenda guniani.

Jumatatu, 24 Machi

Dakika moja.

Jumatano, 26 Machi

Mwenye nyumba amekuja jioni, bila kutoa taarifa. Akasimama getini. Adhana ikaisha. Mama Zaituni akapita mbele yake na sahani, gauni jeupe lililopigwa pasi. Kado akainuka, akamtazama, akaenda kulala. Kidevu juu ya gunia. Moshi wa majiko ulikuwa umetanda uani, wa buluu, na watu watatu na mbwa tukabaki ndani yake kama waliosahau walichokuja kufanya.

“Abaki,” akasema mwenye nyumba. Mama Zaituni akamwuliza kama amefuturu. Hafungi. Akapewa sambusa hata hivyo.

Ijumaa nina kazi Ryansoro, naondoka saa mbili, narudi saa kumi na moja. Kado atashinda uani na Mama Zaituni.