Kifungo cha Siku ya Safari

9 Machi

Kwako mkwe,

Salamu. Natumaini ulifika kwenu salama. Mimi mzima wa mwili, ila usingizi hakuna. Simu yangu hupokei, ndiyo maana naandika, na unajua kuandika kwangu ni kwa kujivuta. Dereva wa lori la saruji atakuletea barua hii pamoja na nguo zako. Nimezipiga pasi.

Kampuni bado inasema yale yale: meli ya mumeo imetoweka kwenye ramani yao, bahari shwari, hakuna aliyeomba msaada. Watu wanakuja kunipa pole, kila mmoja na bahari yake. Fundi redio anasema kuna mahali gesi inachemka kutoka chini, maji yanakuwa povu, meli inadidimia kama jiwe. Muuza samaki anasema kuna mwanamke majini anayewaita mabaharia kwa sauti za mama zao. Mimi nimeshika la yule mshonaji mwenzangu: mke akimshonea mume kifungo shati likiwa mwilini, siku ya safari, anamfunga asionekane tena. Nawe ulimshonea pale mlangoni, nikiona kwa macho yangu. Ndiyo maana nikakufukuza na kusema niliyoyasema bombani mbele ya watu.

Sisemi ulikusudia. Lakini mwanangu yuko wapi?

Ule vizuri, una mtu tumboni.

Mama wa mumeo

2 Aprili

Mkwe wangu,

Hujambo mama? Mgongo unauma bado? Mtoto anacheza?

Yuko hai. Jana alipiga simu, nikakaa chini nikakalia pini zangu zote, sikusikia hata moja.

Hakuna gesi, hakuna mwanamke. Tajiri wao aliamuru nahodha azime kile chombo kinachoonyesha meli ilipo, wapate kumimina mafuta kwenye meli nyingine wasionwe. Simu za mabaharia zikafungiwa kabatini. Basi. Ni swichi tu, mkwe wangu. Muda wote tunalia, mwanangu, mpishi wao, alikuwa jikoni anamenya viazi.

Nikangoja aniulize habari zako. Hakuuliza. Alisema tu, "Asante kwa kunitunzia mke wangu, mama." Nikajibu, "Haya, baba."

Sindano niliichomoa mimi kwenye mto wangu wa pini. Nilikwambia mimi, "Harakisha, gari linamngoja." Na kila siku nawashonea watu nguo zikiwa mwilini, hakuna aliyepotea. Nilikuwa natafuta wa kumlaumu, na wewe ndiye ulikuwa karibu.

Rudi nyumbani.

Mama

10 Aprili

Mama, shikamoo.

Hapa wote wazima. Mtoto anakanyaga huku ndani kama wewe na cherehani yako.

Alinipigia mimi kwanza. Aliuliza kama unanitunza. Nikasema nimekuja kwetu kupumzika, na nguo zangu umezipiga pasi mwenyewe. Sikuweza kumwambia uliniita nini bombani. Yuko mbali, angelibeba peke yake.

Lakini kurudi, mama, sitarudi kama mtu aliyesamehewa. Sikukosa. Huko bombani mimi bado ni yule aliyeizamisha meli kwa uzi.

Anasema vifungo vyote vya lile shati vimekatika, kimebaki kile.

Mkweo

14 Aprili

Mkwe wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee.

Leo asubuhi nilikwenda bombani, foleni imejaa ndoo, nikasimama pale pale. Nikasema, "Mkwe wangu hana kosa. Sindano ilikuwa yangu, na mdomo ulikuwa wangu." Halafu muuza samaki akauliza, "Sasa huyo nahodha aliyezima swichi, yeye alishonewa na nani?" Wakacheka mpaka ndoo zikafurika. Nikacheka nao, kisha nikaona haya kwamba nacheka. Mshonaji mwenzangu alijitwika ndoo yake nusu, akaondoka.

Mumeo naye nimemwambia yote. Akasema, "Mama, mimi usiniombe radhi. Kamwombe yeye."

Nakuja Jumamosi na lori la saruji. Sibebi kitu, usije ukafikiri nakununua. Ukiniona mlangoni, usiharakishe kunikaribisha. Niache nisimame kidogo.

Mama