Kipira Kiligusa Ukingo

Jumamosi, 8 Juni

Orodha ya mashindano ya mpira wa meza imebandikwa. Nchi kumi na nne, wanaume sitini na kitu, naye yumo — chini ya bendera isiyo yetu! Nilijua. Mwaka jana aliniandikia kwamba klabu yake ya huko inamshughulikia uraia. Lakini kuona imechapwa ni habari nyingine kabisa.

Mimi ni mwamuzi msaidizi tu. Nakaa ng'ambo ya meza, nageuza namba za ubao, naangalia ukingo wa upande wangu. Siku za kawaida nakata lenzi kwenye duka la miwani, na bosi amenipa ruhusa ya wiki huku amenuna.

Kwenye fomu wameuliza kama nina uhusiano na mchezaji yeyote. Ndugu? Mwenza? Mchumba? Kalamu ikagoma. Miaka minne ameondoka, na miezi saba hii hajaandika zaidi ya "nipo mazoezini". Uchumba gani huo? Lakini hajasema basi, na mimi sijasema basi. Nikaandika: jirani. Si uongo. Mama yake anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mpaka leo ananiita mkwe.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwona.

Amejaza mabega, nywele amepunguza. Mkono ni ule ule wa kushoto uliofanya mtaa mzima umwite Mashoto. Tangu juzi nilikuwa najipanga mbele ya kioo niseme nini, mpaka dada yangu akauliza kama naenda kuhutubia bunge. Nilipofika mbele yake yote yakayeyuka. Nikasema, "Karibu." Karibu! Utadhani mimi mhudumu wa hoteli.

Akanipa mkono. Akawageukia wenzake wa timu, akasema kitu kwa lugha yao, wakacheka vizuri tu, bila ubaya. Halafu akanitafsiria mwenyewe: nimewaambia wewe ni kama dada yangu.

Nikarudi meza namba sita, nikageuza namba vibaya mara mbili. Mwamuzi akanitolea macho. Kama dada!

Jumanne, 11 Juni

Ameshinda mechi mbili. Sikupangwa kwake, ahsante Mungu.

Mama yake alikuja kwetu alasiri. Akaniuliza: anakula? Hajakonda? Analala hotelini na timu, nyumbani amepita dakika kumi tu, hata chai hakumaliza. Ila kamwambia mama yake kwamba mashindano yakiisha watazungumza mambo yote. "Mambo yote, mkwe wangu!" — na kunifinya shavu. Mama yangu hapo hapo akaanza habari za kupaka rangi sebule.

Niliwaambia waache maneno. Lakini humu hakuna anayesoma, kwa hiyo nakiri: nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikafua gauni ambalo halikuwa chafu.

Jumatano, 12 Juni

Nimepangwa. Kesho saa nne, robo fainali, meza namba moja. Yeye na mchezaji mmoja mrefu mwenye makelele.

Nilikwenda mpaka mlango wa mwamuzi mkuu ili nimwombe aniondoe. Angeuliza sababu. Ningemwambia nini? Nikarudi.

Sawa, ukweli wenyewe: nilitaka nikae karibu naye saa nzima bila yeye kupata pa kwenda.

Alhamisi, 13 Juni

Niandike kwa mpangilio, nisije nikajidanganya baadaye.

Seti mbili kwa mbili. Seti ya tano, tisa kwa tisa. Mashoto akapiga mshazari, kwa nguvu, kipira kikaenda kushukia mwisho kabisa wa meza, upande wangu. Kikagusa ukingo wa juu. Nilikiona! Kilipinda njia kidogo, sauti ikawa nyembamba, kikarukia nje. Sikuwaza mtu, sikuwaza mapenzi. Nikanyoosha mkono: kimegusa. Kumi kwa tisa. Pointi moja zaidi aingie nusu fainali.

Yule mrefu akaja juu. Kimepiga ubavu wa meza, si juu! Na ubavu hauhesabiwi. Mwamuzi akanitazama. Ukingo wa upande wangu ni uamuzi wangu, hata yeye hawezi kuutengua. Nikaonyesha tena: kimegusa.

Hapo Mashoto akaweka raketi mezani, akainua kidole. Akasema kwa sauti kila mtu asikie: hapana, kimepiga ubavu, pointi ni ya mpinzani wake.

Alikuwa ncha ya pili ya meza! Angeonaje kutoka kule? Lakini watu walishasimama. Makofi. Muungwana! Kuna mzee jukwaani alikuwa anafuta machozi.

Mwamuzi akaniuliza kwa macho: unabadilisha? Ni mimi tu niliyeweza. Nikamtazama Mashoto, naye akanitazama, sawasawa, kwa mara ya kwanza wiki hii. Nikaelewa. Alidhani nampendelea. Alidhani nimempa zawadi mbele za watu, na hakutaka hata pointi moja itoke kwangu.

Nikashusha mkono. Nilichokiona kwa macho yangu mawili nikakikana. Nikageuza namba mwenyewe: tisa, kumi. Mpira uliofuata Mashoto akapiga wavuni, mechi ikaisha.

Walipokuja kutupa mikono kama ilivyo kawaida, aliinama kidogo. "Asante, dada. Lakini usinionee huruma tena."

Nililia chooni, karibu na ndoo na mafagio. Mama mmoja wa usafi akanipa karatasi, akaniuliza taratibu, "Wako ameshindwa?"

Nikamwambia ndiyo, wangu ameshindwa.

Ijumaa, 14 Juni

Mwamuzi mkuu ameniita asubuhi. Mzee wa watu, suti ile ile tangu Jumatatu. Akafungua kompyuta, akanionyesha video iliyopunguzwa mwendo. Kipira kinashuka. Kinagusa juu. Kinapinda. Akarudisha nyuma, tukaangalia tena, na tena.

"Uliona sawa, binti. Kwa nini ulibadilisha?"

Nikasema mchezaji mwenyewe alikataa. Akasema mchezaji hakukaa kwenye kiti changu. Kisha akaitoa fomu yangu. Jirani tu? Nikamwambia yeye anasema dada, kwa hiyo hata mimi sijui. Mzee akaivua miwani yake akaifuta muda mrefu, na haikuwa na vumbi. Haya mambo nayajua, watu wakikosa la kusema hufuta miwani.

Sitakaa meza yoyote tena. Nusu fainali na fainali watachukua wengine. Hakunifokea. Afadhali angenifokea! Video hawaitoi. Matokeo hayabadiliki, kwa nini waongezee mtu uchungu? Wanaojua ni mzee, fundi wa kamera na mimi.

Jumamosi, 15 Juni

Gazeti limemtoa Mashoto ukurasa mzima, kidole juu. Muungwana wa mashindano. Dada yangu alilisoma kwa sauti tulipokuwa tunakunywa chai mpaka mama akamwambia anyamaze. Halafu mama huyo huyo akalikunja vizuri, akaliweka kabatini.

Saa tisa sasa. Yuko sebuleni.

Mama ndiye aliyefungua. Akaja mbio jikoni, pumzi juu: amevaa shati zuri, ameomba kuzungumza na wewe peke yako! Nyuma yake mama wa Mashoto, kiganja mdomoni, macho yamejaa maji. Wakanivua aproni wakanisukuma. Nikaenda. Nikakaa kiti cha mkabala wake.

Akakohoa. Akasema siku mbili hizi hapati usingizi. Akasema kuna jambo hawezi kuondoka bila kuniuliza. Moyo wangu ulivyokwenda! Nikamwambia uliza.

Akauliza, "Kile kipira. Kiligusa?"

Miaka minne nimemsubiri huyu mtu. Nikasema nisubiri kidogo, nimeacha kitu chumbani. Ndiyo niko hapa kitandani na daftari.

Nikisema kiligusa, atajua alijitoa mwenyewe, na atakaa na uchungu huo mpaka uzeeni. Lakini atajua pia kwamba sikumwonea huruma, niliona tu. Nikisema hakikugusa, ataondoka na uungwana wake mzima, na mimi nitabaki yule wa mtaani aliyetaka kumwibia pointi kwa sababu ya mapenzi. Na mimi ninampenda. Hilo hajaliuliza.

Jikoni mama zetu wameshindwa kujizuia. Vigelegele, vya chini chini, wanazibana vinywa wasisikike. Anavisikia yeye pia, lazima anavisikia. Kiti kimelia, amesimama.

Amebisha mlango wa chumba. Anaongea polepole ili wale wasisikie: ndiyo au hapana tu, gari la uwanja wa ndege liko nje. Nafunga daftari.