Firigisi ya Byron

Eldoret, Jumatano

Kwako ndugu yangu Byron,

Sisi tuko. Mtoto ameota meno mawili na nepi hazikauki kwa mvua hii.

Mama alikuja jana na kuku. Hata kabla ya kumbeba mtoto akauliza, "Byron anakula nini huko Ziwa?" Mimi ninakula nini, hakuuliza. Akasema nikukaangie firigisi akuletee leo. Tangu Baba afe, firigisi ni yako na shingo ni yangu. Wivu huo ninao tangu utoto, sikufichi.

Lakini bangi ambayo polisi walipata chini ya kitanda chetu ilikuwa yako. Mume wangu aliwaambia ni yake ili Mama asikupoteze. Mimi nikimpoteza Murunga, nani atalia?

Kesho anasimama kortini. Firigisi nimeikaanga na kitunguu vile unapenda, lakini Mama nimempa barua tu. Saa mbili asubuhi nitakungoja pale langoni pa korti nikiwa nayo. Njoo useme ukweli, nikulishe kwa mkono wangu. Usipokuja, nitausema mimi, na firigisi nitaila mwenyewe.

Dada yako anayekupenda bado,
Kavetsa