Tundu la Mfuko wa Kushoto

Baba,

Naanza na njiwa, maana najua ungewauliza wao kwanza, sisi wengine baadaye.

Wako kumi na watatu. Uliniachia kumi na wanne. Mmoja alibebwa na mwewe wiki ile ile tuliporudi kutoka Butiama kukuzika, nilimwona kwa macho yangu, kwa hiyo huyo simdai mtu. Hao waliobaki ndio nataka tuwaongelee. Miezi mitano hii nimemshuku kila mwenye miguu miwili hapa Nyasho, na jibu nililolipata mwishoni sikulitaka.

Wewe ndiye uliyenibandika jina la Mkaguzi. Ulilitoa kule kiwanda cha pamba Bunda ulikokuwa karani wa mizani, kwa sababu tangu utotoni nilikuwa nahesabu vipande vya samaki kwenye sahani ya kila mtu. "Wewe hata kivuli chako unakiulizaga kimetoka wapi," ulikuwa unasema. Sikuwahi kukasirika. Nilijua nimelichukua kwako, maana na wewe ulikuwa unawahesabu njiwa wako jioni, unalala, unaamka, unawahesabu tena.

Nikueleze nilivyoachana na koti lako. Siku ya kuanua matanga nguo zako zilitandikwa mkekani, wazee wakagawa. Mimi nilipewa nafasi ya kuchagua, nikachukua redio. Wakaninyooshea lile koti lako la bluu la kiwandani, ulilokuwa unalivaa kila jioni ukienda bandani. Nikarudisha mikono. Baba, lilikuwa bado linanuka wewe. Tena mfuko wa kushoto ulikuwa na tundu uliloniomba nilizibe, mimi fundi cherehani, binti yako, nikakujibu kesho, na hiyo kesho ikachukua miaka mitatu. Sikuweza kulishika. Nikasema mpeni anayelitaka. Baba mdogo Magesa akalipokea, akalikunja, akaliweka kwapani.

Koti nikalisahau pale pale. Ningelikumbuka, barua hii ingekuwa fupi.

Mwezi wa kwanza njiwa waligoma kuruka. Nilikuwa nafungua banda saa tisa na nusu kama ulivyonifundisha, wanatoka, wanapanda paa la jiko, wanakaa. Nikipunga kitambaa wananitazama tu. Njiwa ambao majirani walikuwa wanaacha kuchambua mchele ili wawaone wakipanda juu kwa kundi, halafu mmoja anajikunja, anapinduka kinyumenyume mara kumi huku anashuka, anajikamata, anarudi kwa wenzake. Hao hao leo wamekaa bati moja na kuku. Nikaamua ni mtama. Nikaenda sokoni kwa yule mama tunayenunua kwake, nikamwambia mbele za watu kwamba mtama wake una kitu. Hakugomba. Aliniuliza tu nawapa nini na mara ngapi.

Nilikuwa nawapa mahindi, Baba. Yalibaki ya msibani, magunia mawili, nikawa nawamwagia asubuhi na jioni kwa sababu niliona na wao wamefiwa. Yule njiwa uliyemwita Robota akanenepa kweli kama robota la pamba. Nilisikia sauti yako kabisa: "Njiwa hanaga tabia mbaya. Anakuwaga na sababu." Nikarudi kwenye mtama kidogo, ndani ya banda, baada ya kuruka, kopo likitikiswa. Haikupita wiki mbili wakawa juu tena. Yule mama sijamwomba radhi kwa mdomo. Nanunua kwake bila kumwomba anipunguzie, nadhani anaelewa.

Halafu likaja la pili, na hili lilininyima raha.

Saa kumi wakiwa juu natikisa kopo, wanaanza kushuka vizuri, wanafika usawa wa mwembe wa jirani, mara wanne watano wanageuka. Wanalipita banda lao, wanaelekea barabarani, wanapotelea upande wa Buhare. Wengine walikuwa wanarudi jioni ile ile, wengine asubuhi. Siku moja njiwa wako Karani aliporudi nilimpapasa gole, kile kifuko cha chakula shingoni, nikakuta limejaa ngumu kama ngumi ya mtoto. Njiwa niliyemrusha na njaa. Basi kuna mtu anamlisha, na anayelisha njiwa wa mwenzake hamlishi kwa upendo.

Nikakaa na cherehani yangu barazani, macho barabarani. Siku ya tatu nikamwona. Baba mdogo, juu ya baiskeli, anatoka kuuza maziwa anarudi kwake Buhare. Amepita mbele ya nyumba ya marehemu kaka yake hakupiga hodi. Hakuinua hata uso, na mimi nilikuwa naukazia macho uso huo tu. Alipolifikia geti akakaza kukanyaga pedeli, na njiwa wako wakageuka juu yake wakamfuata. Siku ya nne vilevile. Siku ya tano nikamwita, akapunga mkono bila kusimama.

Mtu anayepita kwa ndugu yake mbiombio ana kitu. Nikajiuliza amewapaka nini. Watu wa hapa mtaani nao hawakunisaidia, kila niliyemwambia aliinua nyusi na kusema, "Huyo ana dawa huyo." Na mimi nikakumbuka la Meneja.

Unalikumbuka kuliko mimi. Meneja, yule dume mwekundu aliyekuwa anapinduka kupita kiasi, ukasema huyu iko siku atapinduka mpaka ardhini. Ulimpeleka Buhare kumwonyesha mdogo wako, akapinduka kweli, akaanguka nyuma ya nyumba. Ulipofika, Baba mdogo alikuwa amesimama na kisu, akakuambia, "Kaka, alikufa palepale, nimeona asipotee bure." Wakamla. Hukugomba. Ila tangu siku hiyo, miaka tisa, hukuwahi kumtajia njiwa tena, na yeye hakuwahi kukanyaga bandani kwako.

Kwa hiyo nilikuwa na ushahidi wote. Mtu anakula njiwa. Njiwa wanamfuata. Wanarudi wamelishwa, wananeneshwa. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na niliona methali imemkaa Baba mdogo sawasawa.

Watatu walipolala huko siku mbili mfululizo, nikafunga cherehani mchana, nikapanda bodaboda. Nilishuka mbali kidogo na kwake, nikaenda kwa miguu, nikajibanza nyuma ya ua wa minyaa. Nilikuwa nimejiandaa maneno yote. Nilikuwa nimebeba hata kisu cha kukatia nyuzi, sijui cha nini.

Baba, alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono juu, kama mtu aliyeamriwa na polisi. Karani begani. Robota kichwani. Wengine wanamzunguka miguuni. Alikuwa anatetemeka, na alikuwa anaongea, na mimi nilidhani sasa ndio nitasikia hiyo dawa inavyosemwa. Alikuwa anasema, "Kaka, nimekosa. Nimekosa. Sema unachotaka nikupe. Usiwe unanitumiaga hawa."

Mbele yake kulikuwa na ungo wa mtama. Alikuwa anawawekea kila siku, ameniambia baadaye, kama unavyomwekea chakula mgeni unayemwogopa. Wale waliokuwa wanalala kwake aliwaachia paa lake la jiko, yeye na mke wake wakawa wanapika nje.

Lakini njiwa hawakuwa kwenye ungo. Ndicho kilichonishangaza. Mtama umejaa pale, wao wanadonoa kwenye vidole vya miguu yake. Nikatazama wanadonoa nini. Kila alipotetemeka, punje moja, punje mbili, zilikuwa zinadondoka kutoka kwenye pindo la koti la bluu.

Koti lako. Mfuko wa kushoto, tundu lile lile. Miaka yote uliyokuwa unatia mtama mfukoni, nusu ilikuwa inapita kwenye tundu na kuingia ndani ya bitana, ikajaa huko chini hadi pindo likawa zito. Na pindo lilikuwa limeanza kufumuka. Njiwa hawakumfuata Baba mdogo, na hawakupakwa chochote. Walikuwa wanaona koti la saa kumi linapita barabarani kwa baiskeli, huku linawamwagia, wakasema huyo, kapona, anakwenda wapi. Kilichonila kilikuwa nguoni kweli. Nguo niliyoikataa mwenyewe.

Nilitoka kwenye minyaa. Sikukumbuka neno hata moja katika yale niliyoyaandaa. Baba mdogo aliponiona alishtuka zaidi, akadhani na mimi nimetumwa. Nikamwambia, "Baba mdogo, shusha mikono, ni mtama tu." Nikamgeuzia pindo, nikalikamua, punje zikamwagika kiganjani mwake, zimechakaa, nyingine zimetobolewa na wadudu. Akazitazama muda mrefu. Mimi nikaanza kucheka, kicheko cha kwanza tangu Butiama, halafu sikuweza kukisimamisha, halafu kikawa kilio, na yeye akalia, tukakaa chini pale pale uwanjani njiwa wakitupandapanda. Mke wake alichungulia, akarudi jikoni kwake kwa nje.

Akaniambia alikuwa hapigi hodi kwetu kwa sababu wakati wa matanga alijua koti limempata kwa makusudi yako. Koti la wa kwanza haliendi kwa mdogo bure, alisema, na siku ya kwanza tu aliyolivaa njiwa wakamjia. Angelivua, akaogopa utaona amekutupa. Akawa analivaa kila siku, na kila siku wanamjia. Miezi mitatu mtu anatembea na hofu, mimi huku nahesabu vibaya mbawa na kumtukana moyoni. Nimejiona mdogo sana, Baba. Nimekosa adabu kwa damu yako, na ningeweza kumaliza kwa kwenda na kuuliza.

Alitaka kunirudishia koti. Nilikataa tena, safari hii kwa akili. Nguo iliyogawiwa hairudi, hilo moja. La pili, nililijaribu bandani jioni ile, njiwa wakalitazama likining'inia mabegani kwangu kama pazia, wakanitazama usoni, wakakaa paani. Yeye ana mabega yako. Kwa hiyo sasa saa kumi anaegemeza baiskeli ukutani, anaingia uwanjani, anasimama karibu na mlango wa banda. Mimi natikisa kopo. Wanashuka wote, wanazunguka mara moja juu ya koti, wanaingia. Bado anawaogopa. Robota akimkaribia anafumba macho.

Wiki iliyopita, wakishaingia, alikaa kwenye kigoda chako. Halafu akaniuliza kama bado naandikaga barua. Nikasema kidogo. Akasema, "Basi mwandikie. Wewe ndiye mwenye kalamu. Mwambie yule Meneja alikuwa mzima. Alivunjika bawa tu, alikuwa ananitazama. Nilikuwa na wageni na sikuwa na kitoweo."

Ndiyo sababu ya barua hii. Nimeufikisha ujumbe wake kama alivyousema, sijapunguza.

Ila na mimi nina langu. Nakushuku, Baba. Nadhani ulijua siku ile ile. Nimekaa nikakumbuka kila Krismasi tuliyokula Buhare, kila ulipowekewa bakuli mbele, ulikuwa unachovya kidole, unaonja, unauliza, "Mna uhakika huyu ni kuku?" Sote tulikuwa tunacheka. Nimejaribu kumkumbuka Baba mdogo akicheka, simpati hata mara moja. Miaka tisa ulimshtaki mezani kwake mwenyewe, ukamsamehe, ukamshtaki tena mwaka uliofuata, na hukumwambia mtu. Mimi nilidhani unatania.

Kama ulikwisha kumsamehe, mjulishe kwa njia nyingine, si kwa njiwa. Moyo wake hautavumilia.

Jana alilivua koti akalitandika juu ya cherehani yangu, akaniomba nizibe lile tundu, kwamba mtama anaoutia siku hizi unampotea. Nilitunga uzi wa bluu. Nikaingiza mkono ndani ya mfuko hadi kidole kikatokea upande wa pili, mahali vidole vyako vilipokuwa vinatokea. Pindo nikalishona, maana lilikuwa linafumuka. Nikauvuta uzi nikauweka. Nikamwambia kesho.

Na hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Tundu la mfuko wa kushoto sitalishona. Kila jioni nitaujaza mfuko ule mtama, upite kwenye tundu kama ulivyozoea kupita, na siku pindo likijaa nitalifumua mwenyewe, ili mdogo wako awe na la kunidai, asiache kuja hapa kwako saa kumi. Njiwa wako nitawatunza mpaka wa mwisho. Na kabla sijamlaumu yeyote, mwenye mbawa au asiye nazo, nitauliza kwanza ana sababu gani.

Lala salama huko Butiama, Baba yangu. Leo upepo wa ziwani ulikuwa mkali lakini walipanda vizuri, Karani amepinduka mara kumi na mbili akajikamata juu kabisa ya bati. Wameingia wote kumi na watatu. Nimewahesabu mara mbili, ya pili baada ya Baba mdogo kuondoka.

Mkaguzi wako